Katika Nchi ya Wakisii: Duka, Mizani na Daftari

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kisii hupita kwanza katika tambarare ya Ahero, penye mashamba ya mpunga na joto jingi, ndipo njia ianze kupanda. Akipita Oyugis hewa hubadilika. Upepo huwa mwepesi, vilima husongamana, na pande zote mbili za barabara huona migomba, mahindi, miwa, kahawa na majani ya chai, vyote vimepandwa karibu karibu kana kwamba vinagombea mahali pa kusimama. Hapo ndipo nchi ya Wakisii ianzapo, au kama wenyewe wanavyojiita, Abagusii.

Mji wa Kisii uko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,700, na sehemu nyingine za nchi hiyo zaupita kwa urefu. Mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na udongo ni mwekundu wenye rutuba. Kwa sababu hiyo watu ni wengi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 wilaya za zamani za Kisii, ambazo leo ni kaunti mbili, zilikuwa na watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira. Zamani zote mbili zilikuwa sehemu ya wilaya moja kubwa iliyoitwa Kavirondo ya Kusini, na baadaye Nyanza ya Kusini; Nyamira ilitengwa na Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu mwaka 2013 kila moja ina serikali yake ya kaunti. Lakini lugha ni moja, desturi ni moja, na shida kubwa ni moja nayo: ardhi haiongezeki, na watoto wanaongezeka.

Baba aliyerithi eka kumi akawagawia wanawe watano, kila mmoja alipata mbili. Wajukuu wake leo wanalima vipande ambavyo mtu aweza kuvizunguka kabla maji ya chai hayajachemka. Mkulima wa namna hii hana mazao ya kujaza gari peke yake, wala hana nguvu ya kubishana bei na tajiri wa mjini. Ndiyo maana habari za ushirika katika nchi hii si habari za makarani tu. Ni habari za chakula cha jioni.

Soko la Daraja Mbili

Mji wa Kisii una majina zaidi ya moja. Wazee huuita Getembe, na wengine Bosongo, maana yake mahali pa Wazungu, kwa kuwa ndipo Serikali ya Kiingereza ilipoweka kambi yake mwaka 1907. Leo ni mji wenye majengo marefu, magari mengi na matope mengi siku za mvua. Lakini atakaye kuijua nchi asikae katika barabara kuu. Na aende Daraja Mbili siku ya soko, Jumatatu au Alhamisi.

Hapo wanawake hufika tangu alfajiri, wamebeba mikungu ya ndizi, vikapu vya chinsaga na rinagu, mboga zile chungu kidogo ambazo Mkisii hashibi bila ya hizo, na wimbi la kusaga unga wa ugali mweusi. Salamu za "Bwakire" husikika kila upande. Magari makubwa husimama pembeni yakingojea shehena ya kupeleka Nairobi na Kisumu. Kati ya wanawake na magari husimama watu wa tatu, nao ni wachuuzi.

Mchuuzi huutazama mkungu, huuinua kwa mkono mmoja, halafu hutaja bei. Hapana mizani. Mama aliyeutunza mgomba ule mwaka mzima hajui mkungu wake una kilo ngapi. Anajua tu kwamba jua linapanda, kwamba mtoto anatakiwa kulipa karo, na kwamba akikataa bei ile itambidi aubebe tena mkungu wake kupanda mlima. Basi hukubali. Mchuuzi naye si mwizi; ana gari la kulipia, na barabara ya zaidi ya kilomita 300 mpaka Nairobi, na ndizi zake zikioza njiani hasara ni yake. Lakini katika biashara ambayo mmoja anajua uzito na mwingine hajui, faida hufuata ujuzi. Vikundi vya wakulima wa ndizi vilivyoanzishwa katika nchi hiyo kwa kukusanya mavuno mahali pamoja na kuyauza kwa kilo vilizaliwa kutokana na jambo hili dogo: kutaka mizani.

Desturi ya zamani

Si kweli kwamba ushirika ni jambo geni lililoletwa kwa Wakisii katika vitabu. Zamani walikuwa na kazi ya pamoja iitwayo risaga. Mwenye shamba alipokuwa na kazi kubwa, kama kulima au kupalilia wimbi, aliwaita majirani wa mtaa wake, nao wakaja na majembe yao. Mwenyeji alitengeneza pombe, na kazi ikiisha watu wakanywa na kuzungumza. Kulikuwa pia na egesangio, kundi dogo la watu wachache waliofanya kazi kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule. Mtaalamu Philip Mayer aliichunguza desturi hii na kuandika habari zake katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1951.

Yafaa kuangalia tofauti ya mambo hayo mawili. Risaga ilisimama juu ya ujirani na ukarimu. Mtu alikuja kwa sababu ni jirani, na hakuna aliyeandika hesabu. Egesangio ilisimama juu ya zamu. Kila mtu alikumbuka nani amelimiwa na nani bado. Fedha zilipoingia, na watu wengi walipoifuata dini ya Waadventista, ambao misheni yao ya Nyanchwa ilianza mwaka 1912 na ambao hawanywi pombe, risaga ilianza kufifia. Egesangio haikufa. Roho yake yaonekana hata leo katika vikundi vya wanawake vinavyochanga fedha na kupeana kwa zamu. Kinachodumu ni kile chenye hesabu.

Kahawa yafungua mlango

Kwa muda mrefu Mwafrika wa Kenya alikatazwa kupanda kahawa. Walowezi walisema kwamba mashamba madogo yataeneza magonjwa, na kwamba wizi utaongezeka. Lakini pia waliogopa kukosa wafanyakazi. Katika miaka ya 1930 Serikali ilikubali kujaribu katika sehemu chache zilizokuwa mbali na mashamba ya Wazungu, nazo ni Kisii, Meru na Embu. Miongoni mwa waliopanda mapema katika Kisii walikuwamo machifu, kwa kuwa wao walikuwa na ardhi na hawakuogopa jambo jipya. Hutajwa Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari, babake Simeon Nyachae.

Mkahawa mmoja ni rahisi kupanda. Lakini kahawa mbivu haiwezi kungoja. Ikichumwa leo, yapasa imenywe leo, ilowekwe usiku, ioshwe kwa maji mengi, ianikwe juu ya vitanda vya waya na kugeuzwa geuzwa mpaka ikauke. Mashine ya kumenyea, birika za saruji na mfereji wa maji ni vitu ambavyo mkulima mwenye mikahawa mia moja hawezi kuvijenga. Basi kahawa yenyewe iliwalazimisha watu washirikiane. Sheria ya vyama vya ushirika ya Kenya ya mwaka 1931 iliwafaa zaidi walowezi. Sheria mpya ya mwaka 1945 ndiyo iliyofungua mlango kwa wakulima wa Kiafrika, na mwaka 1946 akawekwa ofisa wa kuviandikisha na kuvisimamia vyama. Vyama vya wakulima wa Kisii viliungana hatimaye katika chama kikuu chao mjini, na viwanda vidogo vya kumenyea kahawa vikajengwa kando ya mito, kimoja baada ya kingine.

Siku ya kupima kahawa

Kiwanda cha namna hiyo hakina fahari. Kiko bondeni karibu na mto, kina paa la mabati, birika za saruji na safu za vitanda vya waya. Lakini siku ya kupokea kahawa huwa kama baraza. Watu hufika na magunia na debe, wengine kwa punda, wengi kichwani. Kwanza humwaga kahawa yao juu ya magunia yaliyotandikwa chini na kuichagua: nyekundu iliyoiva huku, mbichi na iliyokauka kule. Karani wa kupokea haipokei iliyochanganywa, na hapo ndipo ubishi wa kwanza unapozuka.

Mzee mmoja aweza kusema, "Mwanangu, hizi tatu tu ndizo mbichi, na mvua inakuja."

Naye karani, hata kama ni kijana wa juzi, hujibu kwa adabu, "Ni kweli, baba, lakini leo ni tatu zako na tatu za jirani. Kahawa yetu huuzwa pamoja, ikiharibika huharibika pamoja."

Mzee huinama akachagua tena. Hapana jambo linalofunza ushirika kuliko hilo. Ubaya wa mmoja huwa bei ya wote.

Halafu huja mizani. Kilo huandikwa mahali pawili: katika daftari ya chama na katika kadi ya mwanachama. Mkulima asiyejua kusoma huja na mtoto wake wa shule amsomee. Ni kawaida kuona mtoto wa miaka kumi amesimama mbele ya karani, akiangalia mshale wa mizani kwa jicho kali, huku mama yake akingojea nyuma. Kadi ile huhifadhiwa nyumbani pamoja na hati ya shamba na cheti cha ubatizo.

Kilo sita au saba za kahawa mbivu hutoa kilo moja tu ya kahawa safi ya kuuzwa. Kahawa iliyokauka hupelekwa kukobolewa, kisha kwenye mnada wa Nairobi. Malipo hufika baada ya miezi mingi, yamekwisha kukatwa gharama za kiwanda, usafiri, ukoboaji, na mikopo ya mbolea na dawa. Hapo ndipo subira ya mwanachama inapopimwa. Yeye alitoa kahawa mwezi wa kumi. Mchuuzi wa njiani alikuwa tayari kumpa fedha siku ile ile, ingawa kidogo. Ikiwa chama chake kinachelewa kulipa, au kinalipa bila kueleza makato, mwaka wa pili ataitazama njia ya bondeni, na ataitazama njia ya mchuuzi.

Duka la wanachama

Mkulima aliyepokea malipo yake haendi nayo mbali. Anahitaji jembe, mbolea, sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya taa na ya kupikia. Ikiwa fedha iliyopatikana kwa ushirika yote yatumika katika duka la mtu mmoja kwa bei aitakayo yeye, basi kazi ya ushirika imefanywa nusu. Kwa ajili hiyo tangu zamani walikuwapo watu waliouliza: kwa nini wanachama wasiwe na duka lao wenyewe?

Jibu la kwanza mashuhuri lilitolewa mbali sana. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, tarehe 21 Desemba 1844, watu 28, wengi wao wafumaji na mafundi maskini, walifungua duka dogo katika njia iitwayo Toad Lane. Walikuwa wamejiwekea akiba kidogo kidogo mpaka wakapata paundi 28. Bidhaa zao zilikuwa chache mno: siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa. Wenye maduka ya jirani waliwacheka. Lakini kanuni zao zilikuwa nzuri. Mizani iwe sawa na bidhaa ziwe safi. Kila mwanachama awe na kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Faida igawanywe kwa kadiri ya kila mtu alivyonunua. Na hapana mkopo: fedha mkononi, bidhaa mkononi.

Kanuni hii ya mwisho ndiyo iliyo ngumu kuliko zote katika Afrika ya Mashariki, na hapana haja ya kuficha. Jirani ya Kenya ilipata somo hilo. Katika Tanganyika, ambako Chama Kikuu cha Wachaga, KNCU, kilikuwa kimesimama imara kwa kahawa tangu mwaka 1933, lilianzishwa mwaka 1962 shirika lililoitwa COSATA ili kuanzisha na kulisha maduka ya ushirika nchini kote. Nia ilikuwa njema, lakini maduka yaliongezeka upesi kuliko watu waliojua kuyaendesha, na shirika halikudumu miaka mingi. Kuuza kahawa ya wanachama na kuwauzia wanachama sukari ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza hufanywa kwa msimu. Ya pili hufanywa kila siku, kwa senti, na kila senti yaweza kupotea.

Katika Kisii na Nyamira vyama vingi vilishika njia ya katikati, yaani ghala la jembe, mbolea na dawa, ambalo mwanachama hukopa na kukatwa katika malipo ya mazao yake. Hapo mkopo una dhamana, kwa kuwa kahawa ipo bondeni. Lakini sukari na sabuni hazina dhamana. Mwenye kuuza katika duka la wanachama hukaa mahali pagumu. Mtu huingia jioni, hufunga mlango nyuma yake taratibu, na kusema, "Omwana ominto, nipe kilo moja ya sukari, nyumbani kuna wageni. Mwezi ukiisha nitalipa." Omwana ominto maana yake mtoto wa kwetu, ndugu. Mwuzaji afanyeje? Akikataa, ameonekana hana utu. Akikubali, kesho watakuja watano, na wote ni watoto wa kwetu. Mwisho rafu huwa tupu na daftari huwa limejaa majina. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Akina mama waliovumbua dawa

Ajabu ni kwamba dawa ya ugonjwa huu haikupatikana katika ofisi. Akina mama waliipata wenyewe. Vikundi vya wanawake vilienea Kenya baada ya kuanzishwa kwa chama cha Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952, na baada ya uhuru viliongezeka sana. Vingine vilinunua mabati ya kuezekea nyumba za wanachama kwa zamu. Vingine vilinunua kinu cha kusagia posho. Na katika vijiji vingi vya Kisii na Nyamira, kama kwingineko katika Kenya, kuna vikundi ambavyo kazi yake ni moja tu: kununua vyakula pamoja kwa ajili ya mwisho wa mwaka.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Wanawake ishirini au thelathini huchanga fedha kidogo kila juma, kuanzia Januari. Mweka hazina huzipokea mbele ya wote, mwandishi huandika, na jumla husomwa kwa sauti kabla watu hawajaondoka. Desemba ikifika, watatu au wanne waliochaguliwa huenda mjini kwa mwenye kuuza kwa jumla. Hununua magunia ya sukari na unga wa ngano, mitungi ya mafuta, katoni za sabuni, mchele na majani. Kwa kuwa wananunua kwa gunia, bei ni nafuu kuliko ya dukani kwa kilo. Siku ya kugawa, vitu hupangwa uani katika mafungu sawasawa, na kila mama huja na kikapu chake. Aliyechanga nusu hupewa nusu. Watoto husimama kando wakihesabu mafungu kabla ya wakubwa.

Hilo, hata kama halina kibao mlangoni wala rafu, ni duka la wanachama. Lina hisa, lina kura, lina bidhaa za bei nafuu, na hakuna awezaye kukopa, kwa sababu fedha hutangulia bidhaa. Wale wafumaji wa Rochdale wangalilitambua mara moja.

Njia ya Keroka na mashamba ya chai

Msafiri akiondoka mjini Kisii kuelekea mashariki hufika Keroka, mji wa mpakani. Upande mmoja wa mji uko Kisii na mwingine uko Nyamira, na serikali mbili za kaunti zimekwisha kubishana mara nyingi juu ya ushuru wa soko. Wafanya biashara wa Keroka husema kwa mzaha kwamba kuku akivuka barabara hulipa mara mbili. Kutoka hapo nchi hupanda zaidi, baridi huongezeka, na kahawa huiachia chai nafasi. Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi na Tombe ni majina yajulikanayo na kila mnywaji chai wa nchi hiyo, kwa sababu ya viwanda vyake. Katika Borabu, ambako zamani yalikuwa mashamba ya Wazungu yaliyogawanywa kwa wananchi wakati wa uhuru, mashamba ni makubwa kidogo na ng'ombe wa maziwa ni wengi.

Chai ya wakulima wadogo ilisimamiwa na shirika la Serikali, KTDA, lililoanzishwa mwaka 1964. Mwaka 2000 lilifanywa kuwa kampuni, na wenyewe ni wakulima kwa njia ya hisa zao katika viwanda. Kila kituo cha kununulia chai ni kibanda tu cha mbao kando ya njia. Wachumaji hupanga mstari na vikapu vyao mgongoni, wakingojea gari. Majani mawili na chipukizi moja, si zaidi. Hulipwa kiasi fulani kila mwezi, na mara moja kwa mwaka, karibu na mwezi wa Oktoba, hulipwa fungu kubwa waliitalo bonasi.

Siku za bonasi maduka ya Nyamira hujaa. Lakini ni siku ambazo pia machozi hayakosekani majumbani. Mkono uchumao chai kwa sehemu kubwa ni wa mwanamke. Jina lililoandikwa katika kitabu ni la mwanamume, kwa sababu ardhi ni ya mwanamume. Mke huamka alfajiri mwaka mzima, na mume ndiye apokeaye. Wako waume wengi wanaokaa na wake zao mezani na kupanga: hii karo, hii mbolea, hii akiba. Wako pia wale ambao bonasi ikitoka hawaonekani nyumbani kwa juma zima. Vyama na machifu wamekuwa wakiwashauri wanaume wawape wake zao vipande vya shamba na hesabu zao wenyewe za chai, na wengine wamefanya hivyo. Mahali lilipofanywa jambo hilo kikapu huwa kizito zaidi, kwa kuwa anayechuma anajua anamchumia nani.

Miaka ya shida

Yasidhaniwe kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Julai 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya kahawa duniani yalivunjika, na bei ikaanguka. Wakulima wengi wa Kisii waliiacha mikahawa ikamezwa na magugu. Wengine waliing'oa usiku na kupanda ndizi, ingawa sheria ilikataza. Maua ya pareto, yaliyokuwa yakileta fedha nyingi katika nchi ya juu tangu miaka ya 1950, yalipungua mno baada ya wakulima kupeleka maua na kungoja malipo miaka na miaka. Mwaka 1997 ikatoka sheria mpya ya ushirika iliyopunguza usimamizi wa Serikali. Vyama vikapewa uhuru wao, lakini vingi havikuwa vimefunzwa kuutumia. Vilianza kugawanyika: kiwanda hiki kikajitenga na kile, ukoo huu ukataka chama chake. Deni lilibaki bila mwenyewe. Mwaka 2004 sheria ilirekebishwa na usimamizi ukarudishwa kwa sehemu.

Lakini mti ulipokatwa ulichipua upande mwingine. Idara za fedha zilizokuwa ndani ya vyama vya mazao zilikua zikawa vyama vya akiba na mikopo. Leo katika mji wa Kisii ofisi za Wakenya Pamoja Sacco, iliyoanza kama chama cha akiba cha wakulima wa Gusii, na za Gusii Mwalimu Sacco ya waalimu, ni majengo yanayojulikana na kila mtu. Tangu sheria ya mwaka 2008 vyama vya namna hiyo vinavyopokea amana hukaguliwa na mamlaka maalumu. Benki ya Ushirika, iliyoanza kazi mwaka 1968 kwa hisa za vyama, ina tawi hapo vilevile.

Mkutano wa mwaka

Hatimaye msafiri asiondoke kabla hajauona mkutano mkuu wa mwaka wa chama. Haufanywi Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo Waadventista husali na mitaa mingi hunyamaza. Watu huketi katika nyasi chini ya miti, wazee mbele katika viti, akina mama upande mmoja na miavuli yao. Baada ya sala, mwandishi husoma maneno ya mkutano uliopita. Kisha husomwa hesabu.

Hapo ndipo mtu awezapo kujua kama chama ni kizima au kigonjwa. Katika chama kigonjwa hesabu husomwa upesi kwa lugha isiyofahamika, halafu huletwa soda na mikate, na watu hupiga makofi. Katika chama kizima, mama mmoja husimama nyuma na kadi yake mkononi, na kuuliza, "Wazee wetu, mimi nilitoa kilo hizi. Mmesema bei ni hii. Mbona fedha iliyonifikia ni hii?" Mwenye kiti hamkatizi. Karani hufungua daftari, hutafuta nambari yake, na kusoma makato moja moja mbele ya watu wote. Pengine kosa huonekana na kuandikwa. Pengine mama huridhika na kuketi. Kwa vyovyote watu mia tatu wamejifunza kusoma hesabu kwa robo saa, na halmashauri imejua kwamba inaangaliwa.

Wazee wa Kisii hawakuhitaji daftari katika risaga, kwa sababu kila mtu alimwona mwenzake akishika jembe. Siku hizi kazi hufanywa bondeni, fedha hutoka Nairobi, na sukari hutoka mbali zaidi. Macho peke yake hayafiki huko. Ndiyo sababu Waswahili walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ardhi ya Kisii na Nyamira haitaongezeka hata kwa kiganja kimoja. Kinachoweza kuongezeka ni kile kinachobaki mkononi mwa mwenye kuilima, nacho huanza siku ambayo mtoto wa shule anasimama mbele ya mizani, akasoma, na kumwambia mama yake bila kuogopa mtu, "Ni kilo ishirini na mbili. Wameandika sawa."